Mwenyekiti wa Kibaraza cha Bi Zarina

Mtu akitaka kumpata Mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Bariadi asihangaike kwenda ofisini. Ofisi ipo, ina meza, ina bendera, na ina kufuli ambalo ufunguo wake anao mtendaji, na mtendaji kila akitafutwa yuko halmashauri. Mwenyekiti anapatikana kibarazani kwa Bi Zarina, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, koti la suti mwilini hata jua likiwa la kuchoma, akisikiliza kesi ya mbuzi aliyekula mahindi ya jirani. Koti hilo sijawahi kumwona akilivua mbele za watu, msibani wala harusini. Mimi nauza vitenge mkabala na kibaraza hicho. Nilianza wanangu wakiwa bado wanatambaa, sasa nina wajukuu, na muda wote huo nikiinua macho kutoka kwenye kitambaa ninachopima namwona yule yule, amekaa vile vile.

Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu hata mke wake halitumii. Humwita Mwenyekiti hata anapomfukuza jikoni. Uchaguzi uliopita aliangushwa, na mtaa sasa unaongozwa na kijana mwenye simu mbili, lakini huyo kijana tunamwita kwa jina lake la ubatizo. Ukisema Mwenyekiti, watu wote wanageuka kutazama kibarazani.

Mtaa wenyewe unaitwa Uhindini, na Mhindi aliyebaki ni mmoja. Enzi za pamba nzuri maduka ya Wahindi yalijipanga pande zote mbili za barabara, na wakulima wakishalipwa walikuja hapa kununua baiskeli, mablanketi na taa za chemli. Nyumba zote zilikuwa za mtindo mmoja: mbele kibaraza chenye nguzo za mbao, juu ya mlango jina la mwenye duka limechongwa kwenye saruji, nyuma ua na kisima. Wenyewe waliondoka kidogo kidogo, huyu Mwanza, yule Dar es Salaam, wengine ng'ambo, na maduka tukayachukua sisi. Bi Zarina hakuondoka. Anauza uzi, sindano, vifungo na bizari katika duka la baba yake, na asubuhi anakaanga kachori. Kisukuma chake ni cha ndani kabisa. Wazee wanaotoka kwetu Mwandoya kuja mnadani huvuka barabara kwenda kupatana naye bei ya kitu wasichokihitaji, ili tu wamsikie akiongea. Wanangu mimi hawawezi kuongea vile.

Kitu ambacho mgeni hukiona mapema kwa Mwenyekiti ni salamu. Hawezi kumpita mtu. Atakwambia mwangaluka, atauliza umeamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe je, yule mwenye pembe iliyopinda je, mvua huko kwenu je, na huwezi kumkatiza kwa sababu anauliza kwa moyo na anasubiri jibu. Ghala la mpunga la jirani yangu liliposhika moto, yeye alikuwa miongoni mwa waliofika mapema, na akaanza kusalimia. Moshi unatoka madirishani, watu wana ndoo mkononi, Mwenyekiti anauliza habari za nyumbani. Nilitamani kumpiga na ndoo. Lakini alipomaliza kusalimia alikuwa anamjua kila aliyekuwepo na mahali aliposimama, akawapanga mstari hadi kwenye kisima cha Bi Zarina, na sehemu kubwa ya mpunga ikaokoka.

Halafu kuna kauli yake. Ukimpelekea shida anakunja uso, anatikisa kichwa taratibu, kisha anasema, "Hilo tumelichukua." Taa ya barabarani imekufa, hilo tumelichukua. Mtaro umeziba, hilo tumelichukua. Binti wa fulani amekimbia na dereva wa lori la pamba, nalo likachukuliwa. Hakuna aliyewahi kujua mambo hayo yalikuwa yanapelekwa wapi. Nilimwuliza siku moja, akanijibu bila kuchukia kwamba mwenye shida anataka kwanza aone imepokelewa, na kwamba shida nyingi zikishapokelewa hupoa zenyewe. Kwa mtaro alikosea. Kwa binti alikuwa sahihi, maana alirudi na mtoto mgongoni, na dereva akaleta ng'ombe.

Kesi alizisikiliza vizuri, ila siri ya hukumu zake tuliokaa karibu tuliijua. Bi Zarina alikuwa ndani, nyuma ya kaunta, na mlango wa duka ukiwa wazi alisikia yote. Mwenyekiti akianza kuelekea kwenye hukumu mbaya, Bi Zarina hukohoa. Mwenyekiti hunyamaza, hutazama barabara, kisha husema kwamba pamoja na hayo yote kuna upande wa pili wa jambo hili. Walalamikaji waliondoka wakisifu busara zake. Yeye naye alizipokea sifa zote bila kubakisha, kisha akaomba chai.

Watu walimsema kwamba ni mla rushwa, na hapo namtetea. Mwenyekiti hahongeki kwa soda, wala kwa mbuzi, wala kwa bahasha. Anahongeka kwa kiti cha mbele. Mweke mstari wa kwanza, andika cheo chake kwenye karatasi mbele ya chupa ya maji, mtambulishe kabla ya diwani, umemmaliza. Kampeni ya chanjo ya kuku ilizinduliwa mtaani kwetu, mtaa ambao kuku wake wote wangeenea kwenye tenga moja, kwa sababu tu bwana mifugo alimwita mheshimiwa.

Na sijui mtu mwingine aliyeupenda mtaa huu kama yeye huku akiubomoa kwa mkono wake. Nyumba yake ya hapa Uhindini, aliyoinunua kwa pesa za pamba, ilikuwa na milango ya mninga na kibaraza kirefu kuliko vyote. Aliivunja, akajenga fremu za kioo cha bluu kama zile alizoziona Mwanza, na akakata utepe mwenyewe. Lakini kioo kile kinalipokea jua tangu linapochomoza, na mle ndani hamkaliki. Mpangaji wa vipodozi alihama mafuta yake ya nywele yalipoyeyuka kwenye kopo. Wa nguo akahama. Aliyebaki anauza sabuni ya maji, na hata yeye hukaa nje. Mwenyekiti alijaribu kuweka ofisi humo, akatoka na jasho kama aliyecheza ngoma mchana kutwa. Ndipo alipohamia kibarazani kwa Bi Zarina, kutafuta kivuli alichokivunja kwake. Bi Zarina akamtolea kiti. Nilimchokoza siku moja kuhusu huyu mpangaji wake asiyelipa kodi, akaniambia kwamba tangu kaka zake waondoke hapakuwa na mtu wa kukaa pale mbele, na yeye hapendi kutoka asubuhi akakuta kibaraza kitupu.

Basi shirika moja la kuhifadhi urithi likatangaza ruzuku kwa ajili ya mitaa ya zamani ya mijini, mitaa iliyojengwa na jamii fulani na yenye historia yake, ili ihifadhiwe na iendelezwe. Mtu mmoja wa halmashauri akaikumbuka Uhindini. Mwenyekiti akaitwa semina Mwanza, akawekwa kiti cha mbele, na hapo tukampoteza. Alirudi na mkoba wa kitambaa, kofia na maneno. Kila kitu kikawa urithi. Kila mtu akawa mdau. Mimi na vitenge vyangu mdau, muuza miwa mdau, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwita mdau mbwa wa mchinjaji. Alisimama mbele ya fremu zake za kioo cha bluu akatuhutubia kuhusu ubaya wa kuvunja nyumba za zamani, na sauti yake ikatetemeka. Nilitazama huku na huku kama kuna anayecheka. Hakuna aliyecheka, kwa sababu mzee alikuwa anasema kutoka moyoni na machozi yalikuwa karibu.

Katika maneno yale, aliloliogopa kuliko yote lilikuwa uhalisia. Walimfundisha kwamba nyumba ya zamani ikiguswa ovyo inapoteza uhalisia, na ikipoteza uhalisia ruzuku haiji. Balaa la Bi Zarina lilianzia hapo.

Paa la Bi Zarina lilikuwa linavuja, na mtaa mzima ulijua. Mpwa wake wa Mwanza alikuwa amemletea bati mpya, zimeegemezwa ukutani kule uani, na fundi alikuwa amekwisha kupewa siku. Mwenyekiti alitoka semina akamkuta fundi yuko juu ya ngazi. Akamwambia ashuke. Akamweleza Bi Zarina, kwa heshima zote, kwamba nyumba yake sasa ndiyo moyo wa mradi, kwamba bati za marehemu baba yake ni za aina isiyotengenezwa tena, na kwamba wataalamu watakuja kuezeka paa lote kwa gharama ya mfadhili, vile vile lilivyokuwa zamani. Avumilie kidogo tu.

"Mvua ikinyesha nalala na beseni kitandani," Bi Zarina alimwambia.

"Dada, hilo tumelichukua."

Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kununua vifungo. Bi Zarina alimtazama yeye, akaitazama ngazi, kisha akamwambia fundi anywe chai aende zake. Angeweza kukataa, paa ni lake. Alikubali kwa sababu aliyeomba ni Mwenyekiti, na kwa miaka yote ile Mwenyekiti hakuwahi kumwomba kitu zaidi ya kivuli na chai.

Bati mpya nazo hazikukaa bure. Mradi ulihitaji mahali pa kufanyia semina, Mwenyekiti akaenda kuziazima kwa Bi Zarina, na likajengwa banda nyuma ya ofisi ya mtaa, likaitwa Ukumbi wa Wadau. Humo tulikaa, wakavu kabisa, tukifundishwa umuhimu wa paa katika nyumba za kihistoria. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati. Nilikula wali na kuku wa mradi, nikavaa na tisheti, na sioni aibu kusema kwamba yule kuku alikuwa mtamu.

Kisha ikaja habari kwamba wafadhili wenyewe watakuja kuuona mtaa kabla ya kutia saini. Sasa, kwetu Usukumani mgeni hapokewi kwenye uchafu. Mgeni akitangazwa ua unafagiliwa, nyumba inakandikwa upya, mwenye uwezo anapaka chokaa. Hatukuhitaji kufundishwa hilo, na haikutujia kwamba mgeni wa urithi ni mgeni wa aina nyingine. Mwenyekiti alipita na kipaza sauti akisema wageni wanakuja, tusiutie mtaa aibu. Tukanunua rangi. Tukanunua saruji. Yale majina ya wenye maduka juu ya milango yalikuwa na nyufa, tukayapiga lipu yakawa laini kama uso wa mtoto. Nguzo za mbao zilizoliwa na mchwa tukazing'oa tukaweka mabomba ya chuma. Duka langu nililipaka rangi ya waridi, jirani akapaka kijani, na yule kijana wa simu mbili akapaka rangi inayoumiza macho hata yakiwa yamefumbwa. Mwenyekiti alizunguka na koti lake mwilini akisifu na kuonyesha palipobaki. Mtaa haukuwahi kupendeza vile tangu niufahamu. Nyumba moja tu haikuguswa, ile aliyokuwa ameipiga marufuku yeye mwenyewe.

Wageni wakaja. Alikuwepo mzee mmoja wa kizungu aliyeshika karatasi zenye picha za zamani za Uhindini. Alishuka kwenye gari, akatazama picha, akatazama barabara, akarudi kutazama picha. Mratibu wa mradi, binti mpole kutoka Mwanza, akamwuliza Mwenyekiti kwa sauti ya chini kama huu ndio mtaa wenyewe.

"Ndio huu huu," Mwenyekiti alimjibu kwa furaha. "Tumeusafisha."

Sijapata kuona wageni waliosalimiwa vizuri vile wakawa na huzuni vile. Walitembea polepole, hawasemezani, mpaka walipofika kwa Bi Zarina. Hapo wakafufuka. Walipiga picha nguzo, wakapiga picha kutu, wakapiga picha doa la maji lililoteremka ukutani hadi kwenye fremu ya picha ya baba yake. Yule mzee aliligusa doa kwa kidole akasema maneno mengi, na Mratibu akatutafsiria kwamba huo ndio uhalisia waliokuwa wanautafuta. Ikaamuliwa pale pale kwamba ruzuku itatoka, kwa ajili ya nyumba ile moja iliyobaki, na kwamba kuanzia siku hiyo usiguswe hata msumari mpaka mtaalamu apime. Bi Zarina aliuliza kama anaruhusiwa kuhamisha beseni. Mratibu alisema anaruhusiwa.

Mtaalamu alikuja kweli. Alipima kuta, akapima madirisha, akapanda juu. Akasema bati zile ni nene na za kale sana, lazima zitafutwe zinazofanana nazo. Ili awe na mfano wa kulinganishia akakata kipande kikubwa kama sinia, akaondoka nacho. Alikikata juu ya kitanda cha Bi Zarina. Hakurudi. Tuliposubiri mpaka tukachoka tuliambiwa kwamba amehamishiwa mradi mwingine. Mwenyekiti aliliziba tundu kwa turubai la mradi lenye nembo, upepo wa kiangazi ukaling'oa, na kuna mtu aliyesema ameliona Kiloleli likifunika matikiti.

Ruzuku yenyewe, mtu akiniuliza, sikuona mtu akiiba. Iliisha tu. Kulikuwa na semina ya mapaa, ikafuata semina ya wanawake na mapaa, kisha ziara ya kamati kwenda kuona jinsi wenzetu wanavyofanya semina. Na kulikuwa na bango. Bango lilisimamishwa mwanzo wa mtaa, upande wa njia ya Maswa, bati nene bapa juu ya nguzo mbili za chuma, kubwa kuliko ukuta wa mbele wa duka langu. Lilikuwa na nembo kila upande na jina refu la mradi, na katikati picha ya nyumba ya Bi Zarina kama itakavyokuwa mradi ukikamilika: paa jekundu limenyooka, nguzo zinang'aa, maua ya zambarau, watalii wanakunywa chai kibarazani. Bi Zarina mwenyewe hakuwemo. Alikwenda kuitazama, kisha akaniuliza kwa Kisukuma kama pale pana chumba cha kupangisha.

Masika yalipoingia utani ukaisha. Bi Zarina alikihamisha kitanda kwenda kona hii, akakihamisha kwenda kona ile, lakini tundu la mtaalamu halikuacha kona. Uzi ukaota ukungu kwenye makopo. Kikohozi kikaanza, na safari hii hakikuwa cha hukumu. Tulimpeleka hospitali, wakasema nimonia, na tukawa tunamwuguza kwa zamu, mimi na mke wa Mwenyekiti. Mwenyekiti mwenyewe hakuonekana. Kiti chake kilikaa kibarazani peke yake, kinaloa.

Nilikuwa nimejaa hasira mpaka kooni. Nikaenda kumtafuta, nikamkuta amejifungia kwenye fremu yake moja ya kioo cha bluu, mvua imepita na jua limetoka, joto mle ndani la kuokea mkate. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo. Kwamba amemlaza yule mama kwenye maji kwa sababu ya kiti cha mbele na kofia. Kwamba akifa, aandike jina lake kwenye bango. Nilimsubiri aniambie kwamba hilo amelichukua, na nadhani angesema ningemrushia kiatu.

"Mayu, mama yangu, fundi alikuwa ameshapanda ngazi," alisema. "Nilimshusha mimi."

Akarudia hivyo hivyo, fundi alikuwa ameshapanda. Nilitoka bila kuaga, nikafika dukani, nikajikuta nalia.

Bi Zarina hakufa. Alirudi nyumbani amepungua kama kuku wa kiangazi, na daktari akamkanya asilale tena kwenye unyevu. Mwenyekiti akaenda kudai zile bati za Ukumbi wa Wadau. Akaambiwa banda limekabidhiwa kwa mtaa, ni mali ya umma, haliwezi kuezuliwa bila kikao cha wadau. Akaitisha kikao. Wadau wale wale waliojaza banda wakati wa kuku hawakuja, kwa sababu hapakuwa na posho. Tulikaa wawili, yeye na mimi, akidi haikutimia. Muda si mrefu ukaja uchaguzi, akaangushwa, na kilichomwangusha si paa la Bi Zarina. Watu walikuwa na kinyongo kwamba tisheti hazikuwatosha. Kijana aliyeshika nafasi akaanza kulikodisha banda kwa harusi.

Mratibu naye akapiga simu kwamba mradi umefika ukomo, na atakuja kwa ziara ya mwisho kupiga picha, hasa picha ya bango, maana mfadhili anataka kuona kwamba linaonekana.

Siku ya mnada, asubuhi kweupe, mtaa umejaa watu, Mwenyekiti alifika kwenye bango na ngazi, pamoja na yule yule fundi aliyemshusha. Hakujificha. Alimsalimia kila aliyepita, na aliyeuliza anafanya nini alielezwa kwa kirefu, kisha akaulizwa habari za ng'ombe wake. Fundi akafungua bolti moja baada ya nyingine. Yule kijana wa simu mbili akaja mbio kusema hiyo ni mali ya mradi na haiguswi. Mwenyekiti akamwuliza kwanza mama yake ameamkaje, kisha akamwomba ashike upande wa pili, kwa kuwa bango ni zito. Kijana akashika. Wakapita nalo mbele ya duka langu, wanne kwa wanne na waliojitolea njiani, kama wanabeba mlango wa ikulu.

Mratibu alifika siku ya mvua. Nilitoka dukani na mwavuli kwa sababu nilitaka kusikia kila neno. Alisimama mwanzo wa mtaa, kamera shingoni, akizitazama nguzo mbili za chuma zisizo na kitu, na nikamwonea huruma, maana ni binti wa watu na ana bosi wake. Mwenyekiti aliondoka kwenye kiti chake kibarazani akaenda kumlaki. Alimsalimia mpaka mwisho, wazazi hawajambo, ziwa limejaa, barabara imepitika, na binti alijibu yote huku maji yanamwingia viatuni.

"Mzee wangu, bango liko wapi?" akauliza hatimaye.

"Lipo," Mwenyekiti akasema. "Halijatoka mtaani. Karibu ndani, ila vua viatu."

Tukaingia. Chumba cha Bi Zarina kilikuwa kikavu. Yeye alikuwa amekaa kitandani, shali mabegani, anachambua vifungo kwenye kopo. Mratibu alitazama ukuta mmoja, akatazama wa pili, hakuona kitu. Mwenyekiti akamwonyesha juu. Bango lilikuwa pale lote, uso umegeuzwa chini, limepigiliwa kwenye mbao za paa: nembo za pande zote, jina refu la mradi, na katikati, juu ya kitanda hasa, nyumba ya Bi Zarina yenye paa jekundu lililonyooka. Mvua ilikuwa inalipiga kwa upande wa nje, nasi tunaisikia.

"Kwa nini mmeliweka ndani?" Mratibu aliuliza.

"Nje jua lilikuwa linalifuta," Mwenyekiti akajibu. "Mlitufundisha kuhifadhi."

Nilimtazama usoni nione kama anatania, na mpaka leo siwezi kusema. Mratibu alifuta maji kwenye lenzi. Aliinua kamera, bango halikuenea. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, bado halikuenea. Bi Zarina akasogeza kopo lake la vifungo, akapiga godoro kwa kiganja. Binti akapanda, akalala chali pembeni yake, akapiga picha. Alipomaliza hakuinuka. Aliweka kamera kifuani akabaki anatazama lile paa jekundu na kusikiliza mvua.

"Sogea huku, mwanangu," Bi Zarina akamwambia. "Hapo ulipo bado panadondoka."

Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni, na alisikia. Nilimsubiri aseme kwamba hilo amelichukua. Hakusema. Alivua koti lake, akalitundika kwenye msumari, akatoka na mvua ile ile kwenda kuleta ngazi.